Nani Atakushuhudia Kwamba Umekua?

Katika mji wetu wa Bujumbura, mtu akibadilika, habari humfikia yeye mwenyewe mwisho. Wa kwanza kujua ni mke wake, kisha mwenye duka anayemkopesha sukari na mafuta, kisha majirani wanaochota maji bomba moja naye. Anaweza kukaa miaka akijiona amekuwa mpole, na huku watoto wake bado wanajificha wakisikia mlango unafunguliwa. Anaweza pia kuwa amepoa kweli, asijue, mpaka mtu mwingine amwambie.

Haya ndiyo niliyokuwa nikiyawaza mpwa wangu alipokuja likizo kutoka Johannesburg, anakofanya kazi, akiwa na msamiati mpya. Alikuwa ameanza masomo ya Sayantolojia. Alinieleza, bila haya na bila kunishawishi, kwamba kuna daraja la kuvuka, kwamba kila hatua yake ina jina, na kwamba yeye ameshamaliza hatua za mwanzo na sasa anajijua kuliko alivyowahi kujijua. Mimi ni Mwislamu wa mtaa wa Buyenzi. Nimekulia kati ya adhana, kengele za Wakatoliki na spika za walokole, kwa hiyo sikuona sababu ya kushtuka. Nilimwambia aendelee. Akanisimulia jioni baada ya jioni, na mengine nikayasoma mwenyewe.

Mwanzilishi wa imani hiyo ni Mmarekani, L. Ron Hubbard, aliyezaliwa mwaka 1911 na kufariki mwaka 1986, mtu aliyeanza kwa kuandika hadithi za kubuni. Mwaka 1950 alitoa kitabu chake Dianetics, na baada ya miaka michache mafundisho yake yakawa kanisa. Wafuasi wanaamini kwamba binadamu ni roho isiyokufa, wanayoiita thetani. Maumivu na mishtuko ya zamani huacha alama katika sehemu ya akili ambayo mwenyewe haioni, na alama hizo ndizo zinazomfanya aogope, akasirike au adhoofike bila kujua kwa nini. Dawa ni kikao cha watu wawili. Mmoja anauliza maswali yaliyopangwa. Mwingine anajibu huku ameshika mikebe miwili iliyounganishwa na kifaa kiitwacho E-meter, ambacho hupitisha umeme kidogo sana, na sindano yake hucheza wakati mtu anaposema. Anayeuliza haruhusiwi kumfasiria mwenzake maisha yake wala kumwambia afikiri nini. Alama zikishafutika, mtu anaitwa Clear. Juu ya hapo kuna ngazi nane ambazo mafundisho yake ni siri, na ile ya nane hutolewa baharini, ndani ya meli iitwayo Freewinds.

Bara letu limo katika habari hiyo. Mwaka 1966 Hubbard aliishi miezi michache Salisbury, ambayo leo ni Harare, akitaka kuweka makao, mpaka serikali ya Ian Smith ilipokataa kumwongezea kibali. Afrika Kusini iliunda tume ya kulichunguza kundi lake, na ripoti ikatoka mwaka 1972. Tangu mwaka 2019 masomo yao ya juu kwa Afrika yanatolewa Castle Kyalami, kaskazini mwa Johannesburg. Marekani ililitambua kanisa hilo kama taasisi ya dini isiyotozwa kodi mwaka 1993. Ufaransa ililitia hatiani kwa ulaghai mwaka 2009, na mahakama ya juu ikaithibitisha hukumu mwaka 2013. Sisi wa Bujumbura, tuliozoea magazeti ya Kifaransa, tunaijua zaidi ile habari ya mahakama.

Mpwa wangu aliijua pia, wala haikumsumbua. Nilipomuuliza ni kitu gani hasa kilichomvuta, hakutaja thetani wala meli. Alitaja zoezi la siku za mwanzo kabisa. Watu wawili wanakaa kwenye viti, uso kwa uso, wanatazamana. Hawasemi, hawacheki, hawageuzi macho. Wanajifunza kuwa mbele ya mtu mwingine bila kukimbia. "Mjomba," aliniambia, "nilitokwa na jasho. Niligundua kwamba sijawahi kumtazama mtu."

Nilimwelewa, kwa sababu naijua nyumba alimozaliwa. Babu yake, mzaa baba, alichukuliwa mwaka 1972, wakati wa yale mauaji ambayo Warundi wengi huyaita ikiza, na hakurudi. Nyumbani hakutajwa tena. Siku zile kumlilia aliyechukuliwa kulikuwa ni kujitaja na wewe, na baadaye, hata hatari ilipopungua, ukimya ulikuwa umeshakuwa desturi ya nyumba. Mtoto aliuliza mara moja, akakatazwa kwa jicho, akaacha. Mwanzoni mwa mwaka 2020 Tume ya Ukweli na Maridhiano ilifukua makaburi ya halaiki kando ya mto Ruvubu, huko Karusi, ikatangaza kwamba imekuta mabaki ya watu zaidi ya 6,000. Kulikuwa na nguo, miwani, rozari. Familia nyingi zilianza kusema wiki ile mambo ambayo hayakuwa yamesemwa kwa karibu miaka hamsini. Shemeji yangu, baba wa kijana huyu, alikuwa ameshafariki bila kuyasema.

Mtu aliyelelewa katika ukimya wa namna hiyo, ukimpa kiti, mlango uliofungwa na msikilizaji asiyemkatiza, atakushukuru, wala hataulizia sana habari za sindano. Kwa hiyo siwacheki wanaotafuta huduma hiyo mbali. Kiu yao ni ya kweli. Kikao ambacho mtu anauliza, ananyamaza na kungoja jibu, katika nyumba zetu ni kitu adimu kuliko nyama.

Hata hivyo, kusikilizwa hakukuanzia Kyalami. Hapa Burundi kuna Kanisa la Marafiki, watu wa Quaker, ambao wamekuwa nchini tangu miaka ya 1930, wakianzia Kibimba. Vita vilivyoanza Oktoba 1993, baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye, viliua watu wanaokadiriwa kufika 300,000. Kuanzia mwaka 2003, Marafiki wa Burundi na wa Rwanda walianzisha warsha za uponyaji wa majeraha ya moyo. Mpango wake ni wa kawaida mno. Watu kama ishirini, kumi wa upande huu na kumi wa upande ule wa vita hivyo, wanakaa pamoja siku tatu. Wanafundishwa hofu inavyokaa mwilini. Wanapewa muda wa kuomboleza. Mwisho wanachora miti miwili, mti wa kutoaminiana na mti wa kuaminiana, wakitaja mizizi yake na matunda yake.

Niliwahi kukaa katika warsha moja ya namna hiyo. Mimi wa Buyenzi sikujua nihesabiwe kumi gani, nikawekwa palipobaki nafasi. Kuna zoezi ambalo mmoja anafungwa kitambaa machoni na mwenzake anamwongoza. Niliyemwongoza alikuwa mtu wa Ngagara. Nyuma yangu kulikuwa na mama wa Kamenge aliyekuwa akiongozwa na mtu wa upande ambao katika miaka ya 1994 na 1995 asingethubutu kuusogelea, ingawa mitaa ya Kamenge na Ngagara inatazamana. Alitembea akiwa ameshika mkono ule kwa nguvu, akauliza kila hatua: kuna shimo? Kuna shimo? Na yule mtu akamjibu kila mara kwa subira ileile: hapana mama, ni sawa, songa.

Hapo ndipo nilipoona tofauti ambayo sikuweza kuieleza mpaka mpwa wangu alipoleta habari zake. Katika kikao cha Sayantolojia, anayekusikiliza hahusiki na jeraha lako. Hukumkosea, hakukukosea. Hilo linakupa usalama wa kusema, nalo ni jambo kubwa. Lakini anachoweza kushuhudia ni kwamba umesema. Hawezi kushuhudia kwamba umebadilika, kwa sababu hakuwa na wewe ulipokuwa mbaya. Yule mama wa Kamenge hakuhitaji cheti. Mkono alioushika ulikuwa wa mtu ambaye angeweza kumwogopa maisha yake yote, na wote waliokuwa na macho wazi waliona hatua zake zikirefuka.

Sokoni, muuza ndagala anaweza kusema anavyotaka kuhusu uzito wa samaki wake, lakini mizani husomwa na mnunuzi. Nafsi nayo ina wanunuzi wake, watu wanaolipa gharama ya tabia zetu kila siku. Bila macho yao, kila mtu atajiandikia kilo anazozitaka.

Nilipomwambia mpwa wangu hivyo, alinijibu kwa hoja nzuri. Alisema dini zote zina ngazi, na zote zina siri, kwa nini ya kwake tu ionekane kichekesho? Alikuwa na haki. Warundi wa zamani walikuwa na ibada ya Kiranga, aliyeaminiwa kuwa mwombezi kati ya watu na Imana, yaani Mungu. Aliyeingizwa katika ibada hiyo, iitwayo kubandwa, alivuka kizingiti, akafunzwa mambo ambayo mtu wa nje hakutakiwa kuyajua, akaapa kuyafunga mdomoni. Jumba la mfalme lilikuwa na kuhani wake wa kike, Mukakiranga. Mapadri Weupe, walioweka misheni ya Muyaga mwaka 1898, waliipiga vita ibada hiyo kwa miongo mingi, na moja ya sababu ilikuwa ni siri zake. Hata sisi wa tarika tuna ngazi. Tarika ya Qadiria ilienea Afrika Mashariki ikibebwa na watu kama Sheikh Uwais wa Barawa, aliyeuawa mwaka 1909, ikafika Ujiji na kutoka huko ikasambaa kwa njia ya ziwa pamoja na wafanyabiashara. Katika dhikri za utotoni mwangu kulikuwa na wanafunzi, kulikuwa na waliopewa ijaza, yaani idhini ya kufundisha, kulikuwa na khalifa.

Tofauti ninayoiona iko kwenye nani anayetamka kwamba umefika. Maalimu wangu wa Buyenzi alipotufundisha habari za nafsi, alitaja tatu zinazojulikana na kila mwanachuoni. Kuna nafsi inayoamrisha maovu, na katika Sura Yusuf mtu anakiri mwenyewe kwamba anayo. Kuna nafsi inayojilaumu, na katika Sura Al-Qiyama Mwenyezi Mungu anaapa kwayo. Kuna nafsi iliyotua. Hiyo, alisema maalimu, tazameni vizuri katika Sura Al-Fajr: yenyewe haisemi kitu. Inaitwa. Mola wake ndiye anayeiita kwa jina hilo na kuikaribisha. Kisha akatukodolea macho na kutuuliza nani kati yetu amewahi kumsikia mtu akijitangaza kwamba nafsi yake imetua. Tukacheka, maana tulimjua mtu wa hivyo, tena alikaa jirani na madrasa na alikuwa na madeni mtaa mzima.

Ngazi zinazouzwa zina tatizo lingine, nalo ni kwamba muuzaji na mthibitishaji ni mmoja. Katika Sayantolojia hatua hulipiwa, kwa kile wanachokiita michango, na kadiri unavyopanda ndivyo kiasi kinavyopanda, hadi maelfu mengi ya dola. Mtu aliyekwisha kulipa hivyo atajisikiaje akigundua hakuna kilichobadilika? Mfukoni mwake mna sababu nzito ya kuamini kwamba kimebadilika. Wala hili si la Wamarekani peke yao. Hapa Bujumbura kuna wahubiri wanaopokea sadaka ya baraka na palepale kutangaza kwamba baraka imeshuka, na kuna masheikh wanaolipwa kwa kombe na palepale kusema jini ametoka. Ugonjwa ni ule ule. Mkebe wa E-meter umeufanya uonekane wa kisasa tu.

Kuna jambo moja nililomwambia mpwa wangu kwa ukali kidogo kuliko mengine. Kila kikao chao huandikwa, na maandishi hukaa katika jalada la mhusika. Wao wanasema siri hiyo inalindwa kama siri ya kitubio. Sina ugomvi na nia yao. Lakini Mrundi wa umri wangu haoni raha na jalada lolote lenye jina lake. Mwaka 1972 watu waliitwa kwa orodha, na aliyesikia jina lake likisomwa hakuomba kuiona karatasi. Siri yako ikikaa mahali ambapo huwezi kuifikia, inakuwa mali ya mwenye kabati.

Nikamkumbusha walokole wa kale, tunaowaita Abarokore. Uamsho wao ulianza Gahini, Rwanda, mwanzoni mwa miaka ya 1930, ukaingia Burundi pamoja na Waanglikana waliojenga vituo Buhiga na Matana. Watu hao walikuwa na desturi ya kujichunguza iliyowatia hofu hata wamisionari. Walisimama mbele ya wenzao wakataja walichoiba, kisha wakatoka nje wakakirudisha. Mtu alitembea kilima hadi kilima akiwa na jembe begani, akalipeleka kwa mwenyewe. Ungamo lilikuwa na anwani. Halikubaki kati ya mtu na karani wa roho, lilikwenda mpaka kwenye mlango wa aliyekosewa.

Najua ubaya wa desturi hiyo pia. Kuna waliofanya ungamo kuwa mashindano. Kuna wanawake walioaibishwa hadharani kwa mambo ambayo wanaume wao waliyaficha kwa raha. Na umati ni shahidi wa hatari. Katika miaka ile ya 1994 na 1995 vijana waliofunga barabara na kusaka watu walishangiliwa mitaani kwao, wakaambiwa wamekuwa wanaume. Ukimuuliza mtaa kama umekua, mtaa unaweza kukupongeza kwa dhambi yako. Na waliowahifadhi majirani wa pande zote mbili, ambao Buyenzi ilikuwa nao wengi, hawakupigiwa makofi. Baadhi yao walitukanwa.

Kwa hiyo simaanishi kwamba jirani yeyote ni hakimu. Ninayemtafuta ni yule aliyeumia kwa mkono wangu, au yule ambaye angeumia kama nisingebadilika. Huyo hadanganyiki kwa maneno mapya. Hapendezwi na majina ya ngazi. Anajua kitu kimoja tu, kama mkono ule bado unapiga au umeacha, na ushahidi wake haununuliki, kwa sababu hana faida yoyote ya kukusifu.

Mpwa wangu naye anaye mtu wa hivyo. Ana mdogo wake anayeishi mtaa wa Kinama. Hawakuwa wakizungumza tangu mirathi ya baba yao, kwa sababu ya kiwanja ambacho mpwa wangu, akiwa mkubwa na mwenye fedha, alikiuza kabla mdogo hajasema neno. Nilimwambia kwamba kama masomo yake yamemfundisha kumtazama mtu bila kukimbia, kiti cha kufanyia mtihani kiko Kinama, wala hakitamgharimu zaidi ya nauli ya basi. Alikasirika. Akasema naingiza mambo ya kifamilia katika mambo ya kiroho. Nikamjibu kwamba sijui mambo ya kiroho mengine yoyote.

Alikwenda. Hakuniambia walizungumza nini, nami sikumuuliza. Lakini mdogo wake alipita kwangu baadaye kwa shughuli nyingine, nikataka kujua amemwonaje kaka yake. Alifikiri kidogo. "Ni yule yule," akasema. "Bado anajua kila kitu. Na kiwanja hajakilipa. Ila siku hizi ukisema anakuacha umalize."

Jibu hilo limenifunza mambo mawili, nayo yananitosha. La kwanza, lile zoezi la viti viwili halikuwa bure. Limempa kijana wetu kitu ambacho sisi wazee wake tulishindwa kumpa, na ningekuwa mwongo kama nisingelisema. La pili, kipimo chake hakikusomwa Johannesburg. Kimesomwa na mtu anayemdai, kimeonyesha hatua moja na deni moja, na vyote viwili ni vya kweli. Yeyote anayepanda ngazi, iwe ya Hubbard, ya tarika, ya kanisa au ya warsha, na aende na hesabu yake kwa mdai wake kabla hajalipia ngazi inayofuata.